Ziara ya Muhammad Ali barani Afrika (1980)

Ziara ya Muhammad Ali barani Afrika ilikuwa safari ya kidiplomasia ya mwezi Februari 1980, ambapo mwanamasumbwi wa uzito wa juu kutoka Marekani, Muhammad Ali (17 Januari 1942 – 3 Juni 2016), alitumwa na Rais Jimmy Carter kuzishawishi nchi tano za Afrika zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Nchi hizo zilikuwa Tanzania, Kenya, Nigeria, Liberia na Senegal. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, na ndipo mambo yalipoharibika: Rais Julius Nyerere alikataa kuonana naye, na maswali ya waandishi wa habari yalimfanya Ali mwenyewe aanze kuitilia shaka kazi aliyopewa.

Bondia asiyefuata kanuni

Ali alizaliwa Louisville, Kentucky, kwa jina la Cassius Clay. Alipata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960 na ubingwa wa dunia wa uzito wa juu tarehe 25 Februari 1964 kwa kumshinda Sonny Liston. Alipigana kwa namna ambayo walimu wa ngumi huwakataza wanafunzi wao: mikono chini badala ya kulinda uso, kichwa kikirudi nyuma kukwepa konde, miguu ikichezacheza kama ya bondia mwepesi. Wengi waliamini kwamba siku moja mtindo huo ungemponza.

Nje ya ulingo alikuwa hivyo hivyo. Baada ya kumshinda Liston alitangaza kwamba ni Mwislamu na kubadilisha jina. Mwaka huohuo alizuru Ghana na Misri, akapokewa na umati wa watu. Tarehe 28 Aprili 1967 alikataa kuandikishwa jeshini kwa ajili ya vita vya Vietnam. Alinyang'anywa ubingwa na kuzuiwa kupigana kwa zaidi ya miaka mitatu, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta hukumu yake mwaka 1971.

Pambano lake linalokumbukwa zaidi Afrika ni la Kinshasa, Zaire, tarehe 30 Oktoba 1974. George Foreman alikuwa hajawahi kushindwa katika mapambano 40. Ali aliegemea kamba, akamwacha Foreman apige mpaka achoke, kisha akamwangusha katika raundi ya nane. Tarehe 26 Juni 1976 alikwenda Tokyo kupambana na mwanamieleka Antonio Inoki katika pambano la ajabu: Inoki alilala chini karibu muda wote akimpiga mateke ya miguu, Ali akarusha ngumi chache mno, na baada ya raundi 15 ikawa sare. Miguu yake iliumia vibaya. Mwaka 1978 alipoteza ubingwa kwa Leon Spinks na kuurudisha miezi saba baadaye, na mwaka 1979 akatangaza kustaafu.

Kwa nini alitumwa

Mwezi Desemba 1979 majeshi ya Umoja wa Kisovyeti yaliingia Afghanistan. Carter aliitaka dunia isiende Moscow endapo majeshi hayo yasingeondoka. Kura za Afrika zilihitajika ili mgomo usionekane kuwa wa nchi za Magharibi peke yake, na Ali alikuwa Mmarekani aliyependwa kuliko wote barani humo. Alikuwa India kwa shughuli za hisani alipopata ombi hilo, akasafirishwa kwa ndege ya serikali ya Marekani.

Kulikuwa na kasoro katika mpango huo. Ali alikuwa amejenga heshima yake Afrika kwa kuikatalia serikali ileile ambayo sasa ilikuwa inamtuma.

Dar es Salaam

Ali aliwasili Dar es Salaam mwanzoni mwa Februari. Wananchi walimshangilia, lakini Nyerere hakumpokea. Kwa serikali ya Tanzania, kutumiwa mwanamichezo kujadili jambo la kitaifa kulionekana kama dharau. Alikutana na waziri aliyehusika na utamaduni na vijana.

Katika mkutano na waandishi wa habari aliulizwa kwa nini Afrika iisaidie Marekani wakati Marekani haikuisaidia Afrika mwaka 1976. Mwaka huo nchi zaidi ya 20, Tanzania ikiwa mstari wa mbele, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki ingawa timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya makaburu. Marekani ilikwenda Montreal kama kawaida. Aliulizwa pia kuhusu misaada ya Wasovyeti kwa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, ambavyo vingi vilikuwa na ofisi Dar es Salaam. Ali alijibu kwamba hakuelezwa mambo hayo kabla ya kuondoka, na kwamba huenda alikuwa anatumiwa kufanya jambo lisilo sahihi.

Swali la Montreal halikuwa la nadharia. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3:32.16, akimtangulia John Walker wa New Zealand. Miaka miwili baadaye Bayi alibaki nyumbani na Walker akachukua dhahabu ya Montreal. Kumwomba Bayi akose Olimpiki ya pili mfululizo lilikuwa ombi zito.

Nchi nyingine

Nairobi ilikuwa rahisi, kwani serikali ya Rais Daniel arap Moi ilikuwa tayari imeamua kususia. Nigeria na Senegal zilipeleka timu Moscow. Rais William Tolbert wa Liberia aliunga mkono mgomo, lakini aliuawa katika mapinduzi ya tarehe 12 Aprili 1980. Timu ya Liberia ilifika Moscow na kujitoa baada ya ufunguzi.

Matokeo

Tanzania ilishiriki. Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland, na Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hadi Michezo ya Paris ya 2024 hizo zilikuwa medali pekee za Olimpiki za Tanzania. Uganda nayo ilipata fedha ya ngumi kupitia John Mugabi. Kenya ilikosa Olimpiki kwa mara ya pili, na Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, hakuwahi kushiriki hata moja.

Ali alirudi ulingoni tarehe 2 Oktoba 1980 na kupigwa na Larry Holmes. Kocha wake Angelo Dundee alisimamisha pambano baada ya raundi ya kumi. Alipigana kwa mara ya mwisho Desemba 1981 dhidi ya Trevor Berbick, akashindwa. Mwaka 1984 iligundulika kuwa ana ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1990 alikwenda Baghdad bila kutumwa na serikali yake, akarudi na mateka 15 wa Kimarekani.