Chema chajiuza, lakini kwanza kionekane: namna ya kuvuta wageni kwenye tovuti ya biashara

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo ulifaa soko ambalo muuzaji na mnunuzi wanaonana uso kwa uso. Muuza mifugo wa Eldas, kaunti ya Wajir, haonani na mwenye bucha wa Kisauni au Malindi. Mbuzi wake hata akiwa mnono namna gani, habari zake zisipofika Pwani atamuuza kwa dalali, tena kwa bei aitakayo dalali.

Hapo ndipo tovuti inapofaa. Kuifungua ni kazi ya siku chache. Kazi kubwa ni kuwapata watu waingie. Nitaeleza kwa mfano wa huyo muuza mifugo, lakini mwenye nyumba ya wageni Lamu au fundi wa majahazi naye atapata chake.

Jibu swali la mteja

Kule kaskazini mashariki kuna miji ambayo majina yake huanza na El, kama El Wak. Ni neno la Kisomali lenye maana ya kisima. Watu huenda kisimani kufuata maji, hawafuati urembo wa ukingo wake. Kwenye tovuti, maji ni jibu.

Mnunuzi wa Mombasa anataka kujua bei ya mbuzi mmoja, umri wake, kama amechanjwa, nani analipa lori, na kama kibali cha kusafirisha mifugo kipo. Kila swali lijibiwe waziwazi, na bei iandikwe pamoja na tarehe yake. Tumia maneno ya mteja mwenyewe. Hakuna anayetafuta "huduma bora za mifugo zenye viwango". Huandika "bei ya mbuzi wa kuchinja Mombasa". Ukiweza, weka kurasa za Kiswahili kwa watu wa Pwani na za Kisomali kwa majirani.

Taja mahali

Andika Eldas, andika Wajir, na utaje kila mji unaopeleka mzigo. Ongeza na "El Das", kwa kuwa wako wanaoliandika hivyo. Kisha isajili biashara kwenye ramani ya Google, ambako hulipi kitu: jina, namba ya simu, saa za kazi na picha za kweli.

Fanya kurasa ziwe nyepesi

Wateja wengi wataingia kwa simu, na data wanailipia wenyewe. Picha moja ya simu ya kisasa inaweza kufika megabaiti 3 au zaidi. Ipunguze kabla ya kuipandisha. Tangu Julai 2018, Google huhesabu pia kasi ya ukurasa inapopanga majibu ya wanaotafuta kwa simu.

Tafuta wa kukushuhudia

Google ilianza 1998 kwa wazo kwamba tovuti moja ikiweka kiungo cha nyingine, ni kama inaitolea ushahidi. Kiungo kutoka chama cha wafugaji, hoteli unayoiuzia au gazeti kina uzito. Viungo vya kununua ili kupanda juu vimekatazwa na Google, na anayekamatwa huweza kushushwa au kuondolewa kabisa. WhatsApp nayo isidharauliwe. Wiki chache kabla ya Idd ya kuchinja, kiungo kimoja chenye picha na bei, kikipita kwenye makundi ya mitaa, huleta watu walio tayari kununua.

Usinunue vivuli

Wapo wanaouza "wageni elfu kumi kwa wiki". Mara nyingi wageni hao ni programu za kompyuta, na programu hainunui mbuzi. Mimi nasema hesabu simu zilizopigwa na mizigo iliyouzwa. Kila anayepiga muulize, "Umetupata wapi?" Google ina chombo cha bure kiitwacho Search Console, kinachoonyesha maneno ambayo watu waliandika wakakufikia. Yasome, kisha uandike ukurasa unaoyajibu.

Jina liwe lako

Anwani zinazoishia na .ke husimamiwa na KENIC. Hakikisha anwani imesajiliwa kwa jina lako, si la fundi aliyekutengenezea. Fundi akihama akiwa ndiye mwenye jina, atahama na mlango wa duka lako.

Anza mapema

Google haiiamini tovuti mpya kwa siku moja. Huchukua miezi. Hili kwa mfugaji ni zito kuliko kwa mwingine yeyote. Ukame wa kuanzia 2020 hadi 2023 uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya. Ukame ukiingia, kila mtu huuza wakati mmoja na bei huanguka. Anayeanza kutafuta wanunuzi siku hiyo amechelewa. Aliyejulikana Pwani wakati malisho yapo, namba yake ikiwa tayari kwenye simu za wenye bucha, ataweza kuuza mapema mnyama akiwa bado na nyama. Kwa hiyo tovuti ijengwe na itangazwe wakati wa mvua, kama vile kisima kinavyochimbwa kabla ya kiu.