Virutubishi nyongeza kwa wafanya mazoezi: Tarime na Serengeti

Virutubishi nyongeza, ambavyo mtaani huitwa virutubisho au dawa lishe, ni vidonge, unga au vinywaji vyenye protini, vitamini, madini au viambata vingine, ambavyo mtu huvitumia juu ya mlo wake wa kawaida akitarajia kuongeza nguvu au kutunisha misuli. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wanaoutumikisha mwili ni wengi kuliko wanaoitwa wanamichezo, kwani wamo wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nyamongo, wafugaji wanaoshinda nyuma ya ng'ombe, na vijana wanaojifua kwa mbio za alfajiri wakisubiri usaili wa jeshi, kazi ambayo Wakurya, wenyeji wa huko, wameijua tangu enzi za KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza.

Bidhaa inayotangazwa sana kwa watu wa namna hii ni unga wa protini, ambao kwa kawaida hutokana na maji ya maziwa yanayobaki jibini inapotengenezwa, yakakaushwa, yakatiwa ladha na kufungwa koponi. Kipimo kimoja cha unga huo hubeba takriban gramu 25 za protini, kiasi kinachopatikana pia katika vikombe vitatu vya maziwa, katika mayai manne, au katika gramu 40 hivi za dagaa wakavu wa Ziwa Victoria. Kwa jamii inayokula ugali wa mtama au wa udaga (muhogo mkavu) kwa maziwa ya mgando, kununua kopo hilo ni kununua maziwa yaliyosafiri mbali na kufika yakiwa ghali.

Nguvu ya soko haimo koponi bali katika picha ya kifua kilichojengwa kwa miaka mingi ya mazoezi, na zaidi katika biashara ya mtandao, yaani mfumo ambao muuzaji hulipwa kwa mauzo yake na ya wale aliowaingiza, hivyo shemeji au jirani akageuka wakala, na ikawa vigumu kumkatalia. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo hutegemea kafeini: kopo la mililita 250 la Red Bull lina miligramu 80, sawa na kikombe cha kahawa, ambazo hufukuza usingizi lakini hazimlishi mchimbaji.

Kafeini na kreatini, kiambata cha asili cha misuli, ni miongoni mwa viambata vichache ambavyo wataalamu wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwaka 2018, walikubali kuwa vina ushahidi wa kutosha wa kumsaidia mwanamichezo. Hatari kubwa ni kile ambacho lebo haikitaji. Uchunguzi wa maabara ya Cologne, Ujerumani, wa bidhaa 634 zilizonunuliwa katika nchi 13 mwaka 2000 na 2001, ulikuta 94 zina homoni zisizoandikwa.

Nchini Tanzania udhibiti wa vyakula ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019. Kwa mwanamichezo, kanuni za kimataifa dhidi ya dawa zilizokatazwa humwajibisha yeye mwenyewe kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama lebo ilikificha.