Stesheni Iliyoinuliwa Juu ya Mji

Katika mazungumzo yetu haya twapenda kuwaeleza wasomaji habari za stesheni ya reli iliyoinuliwa juu ya nguzo, yaani Stesheni ya Magufuli iliyoko Dar es Salaam. Twajua ya kuwa wasomaji wetu wa Lupepo, na wa Rungwe yote, wako mbali nayo, na reli haijapata kupanda milima ya Tukuyu. Walakini ndizi, viazi, chai na maparachichi ya Rungwe hushuka mpaka pwani, na vijana wa Rungwe huenda huko kutafuta elimu na kazi. Kwa hiyo namna mji ule unavyowapokea wageni wake ni jambo linalowahusu.

Watu wengi hudhani ya kuwa stesheni ni nyumba ya kukatia tikiti tu. Kwa kweli stesheni ni mlango wa mji. Hapo hukutana watu wa namna mbili: wale wanaosafiri kwa reli, na wale wenyeji wanaopita kwa miguu, kwa baiskeli na kwa magari kwenda katika shughuli zao. Basi tangu reli ilipoanza kuingia mijini pamekuwa na swali moja: watu hawa wakutanapo, ni nani ampishe mwenzake?

Kazi ya kujenga Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, zamani za Wadachi. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Upana wake, tangu chuma kimoja hata cha pili, ni mita 1. Stesheni yake ilijengwa chini, karibu na bandari, ili mizigo itokayo melini isibebwe mbali. Siku zile mji ulikuwa mdogo na magari ya moshi yalikuwa machache, kwa hiyo njia ya watu kukatwa na reli haikuwa taabu kubwa.

Lakini mji hukua kama mtoto, na nguo ya jana haimtoshi leo. Hesabu ya watu, yaani sensa ya mwaka 2022, ilikuta Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5. Mahali reli inapokata barabara, hapana budi barabara ifungwe treni ipite, kwa sababu treni ni nzito mno, nayo magurudumu yake ya chuma huteleza juu ya chuma, wala haiwezi kusimama upesi. Hapo wote hungoja: mgonjwa anayepelekwa hospitali, mtoto aendaye shule, na mwenye mkokoteni. Kila treni zinavyozidi wingi na mwendo, ndivyo kungoja kunavyozidi, na hatari nayo huzidi.

Mataifa mengine yaliiona shida hii mapema. Mwaka 1836 watu wa London walianza kusafiri kwa reli iliyopita juu ya matao ya matofali, iliyokuwa ikijengwa kuelekea Greenwich. Matao yake yalikuwa 878, na barabara zilipita chini yake. Huko New York reli ya juu ilijaribiwa mwaka 1868, kisha zikatumika injini za moshi. Basi majivu na matone ya mafuta yakawaangukia watu waliopita chini. Mwaka 1893 mji wa Liverpool ulifungua reli ya juu iliyokwenda kwa umeme kando ya bandari, na moshi ukakoma. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, mji wa Addis Ababa ulifungua reli yake ya mjini mwaka 2015, na sehemu ya reli hiyo hupita juu ya nguzo. Hivyo twajifunza ya kuwa kuinua reli hakutoshi; yafaa pia kumfikiri mtu aliyebaki chini.

Tanzania ilianza kujenga reli mpya ya upana wa mita 1 na milimita 435 mwaka 2017. Treni zake huendeshwa kwa umeme uletwao na nyaya zilizotandwa juu ya reli, na njia yake imetengenezwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Treni ya mwendo huo haiwezi kuachwa ikate mitaa yenye watu. Kwa sababu hiyo ndani ya Dar es Salaam reli imepandishwa juu ya daraja refu la zege, lipatalo zaidi ya kilomita 2, na magari na watu hupita chini yake pasipo kungoja. Safari za abiria za kwenda Morogoro zilianza tarehe 14 Juni 2024, na za Dodoma zikafuata mwezi wa Julai. Tarehe 1 Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi. Stesheni ya Dar es Salaam imepewa jina la hayati Rais John Pombe Magufuli, kwa kuwa kazi hii ilianza katika zamani zake.

Sasa tutazame jinsi stesheni yenyewe ilivyopangwa. Kwa nje ni jengo la vioo lenye pande nyingi zilizokatwa mfano wa tanzanaiti, kito kichimbwacho Mererani. Kwa kuwa reli iko juu, nyumba nayo imepangwa kwenda juu. Msafiri huingia kwa chini. Huonyesha tikiti yake, na mizigo yake hukaguliwa. Kisha hukaa katika ukumbi wa kungojea mpaka aitwe. Wakati ufikapo hupanda kwa ngazi za kawaida, au kwa ngazi ziendazo zenyewe, au kwa lifti, mpaka jukwaani, ambako treni imesimama. Faida ya mpango huu ni kwamba umati wa watu wangojao hauko karibu na reli, wala hapana mtu anayevuka reli kwa miguu.

Basi lile swali la nani ampishe mwenzake limejibiwa: kila mmoja amepewa njia yake. Lakini liko swali la pili, na hilo nguzo hazikuliondoa. Reli ipitayo Mbeya, iliyo jirani na Rungwe, ni TAZARA. Mapatano yake yalifanywa mwaka 1967 baina ya China, Tanzania na Zambia. Kazi ilianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa mwaka 1976. Urefu wake ni kilomita 1,860, toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, na upana wake ni mita 1 na milimita 67, sawasawa na reli za Zambia. Stesheni yake ya Dar es Salaam iko katika Barabara ya Nyerere, mbali na ile ya bandarini.

Hivyo mji mmoja una reli tatu za upana mbalimbali. Tuseme mtu wa Lupepo amefika kwa TAZARA, ameuza maharage yake, naye ataka kwenda Dodoma kumtazama ndugu yake. Hapana budi atafute basi, avuke mji na vikapu vyake, kisha apande ngazi za stesheni nyingine. Mzigo nao hupata taabu iyo hiyo: huko Kidatu, reli ya mita 1 inapokutana na TAZARA, shehena hutolewa katika behewa moja na kutiwa katika jingine. Mahali reli zisipoungana, bega la mtu ndilo linalounga.

Twawashauri wanafunzi wafanye jambo moja. Chukueni kamba na vijiti, mpime katika kiwanja cha shule upana wa reli zote tatu, ubavu kwa ubavu. Mtaona ya kuwa baina ya Reli ya Kati na TAZARA tofauti haizidi upana wa kiganja. Kiganja hicho ndicho kinachowafanya wachukuzi wahamishe magunia. Kwa hiyo siku mtakapofika Dar es Salaam na kuiona stesheni ile iking'aa, itazameni vioo vyake kwa furaha, kwani ni kazi njema. Kisha mtazameni mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi, mwone amepita kwa wepesi gani toka mlangoni hata jukwaani, na toka reli moja hata nyingine. Hicho ndicho kipimo cha stesheni.