Taarabu na Sahani za Santuri

Hapana lalamiko lililozoeleka zaidi katika mabaraza ya Unguja na Mombasa, zinapotajwa habari za muziki, kuliko hili la kwamba taarabu imeharibika: kwamba zamani iliimbwa na mabingwa kwa heshima na mahaba ya sanaa, na leo huimbwa kwa ajili ya fedha, kwa vinanda vya umeme, na kwa maneno ambayo mtu mwenye haya hawezi kuyasikiliza akiwa ameketi na mkwewe. Sehemu ya mwisho ya lalamiko hilo siibishii. Ama ile ya kwanza, yenye kudhani kwamba zilikuwako zama ambazo taarabu haikuguswa na tijara wala haikuchanganyika na vitu vya ajnabi, hiyo haipatani na historia. Kwa kuwa muziki huu ulizaliwa kwa kuazima, na ukapata kuwa wa Waswahili wote, wa mjini na wa shamba, baada ya kuingia sokoni.

Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, ndiye ambaye mapokeo humtaja kuwa aliwaita wapigaji kutoka Misri waje kumtumbuiza katika jumba lake, kisha akampeleka Cairo mtu aliyeitwa Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga kanuni. Ala zilikuwa za Misri, lahani za Misri, na maneno yalikuwa ya Kiarabu. Mwaka 1905 ilipoundwa Nadi Ikhwani Safaa, chama cha vijana wa mjini walioihusudu sanaa hiyo, nacho kiliagiza ala zake kutoka Cairo na kuendelea kuimba kwa Kiarabu. Basi mwenye kuitafuta taarabu ya asili, kwa maana ya ile kongwe kupita zote, hiyo ndiyo. Naye akiipata hataifahamu, ila awe amesoma Kiarabu.

Aliyeyageuza mambo hakutoka katika jumba la mfalme wala katika chama cha waungwana. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 na kupewa jina la Mtumwa, aliujua mji kwanza kwa kuuza vyungu, kabla mji haujamjua yeye kwa sauti yake. Alipokwisha kufunzwa akakusanyika na mafundi kama Subeti Ambar, mpiga udi, na Maalim Shaaban, na Mbaruku Talsam wa Mombasa, akaimba Kiswahili katika lahani zile zile zilizodhaniwa kuwa hazistahili lugha nyingine ila Kiarabu. Mwezi wa Machi 1928 kampuni ya Gramophone, ile ambayo alama yake ni mbwa anayeisikiliza pembe ya santuri, iliwasafirisha hadi Bombay ili sauti zao zitiwe katika sahani. Wala isidhaniwe kwamba kampuni ilifanya hivyo kwa kuipenda nudhumu ya Kiswahili. Kampuni ilikuwa na mashine za kuuza, na mnunuzi wa mashine hutaka kitu cha kuiwekea. Sahani za Misri na za Bara Hindi zilikuwa zikinunuliwa pwani tangu zamani, lakini wanunuzi wake walikuwa wachache kuliko watu waliosema Kiswahili. Hesabu ya mfanyabiashara ikasibu. Katika miaka michache sahani hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, na kampuni nyingine, Odeon na Columbia miongoni mwao, zikaja mbio kutafuta waimbaji wa pwani.

Inafaa kuitazama sahani yenyewe. Ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande wake mmoja ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo. Wimbo ambao katika majilisi ya usiku ungeanza kwa bashrafu ndefu ya ala, kisha ubeti ukarejewa kadiri watazamaji walivyoinuka kwenda kumtunza mwimbaji, ilikuwa hapana budi ubanwe humo: ala zitangulie kidogo tu, beti zichaguliwe, na anayeimba aiwahi sindano kabla haijafika mwisho wa njia yake. Hivyo wimbo wa Siti uliosikika katika mikahawa ya bara na pwani ulikuwa umekatwa na tijara tangu siku ya kwanza. Na humo humo katika dakika tatu ukaingia wimbo kama “Kijiti”, wenye kueleza kisa cha kweli cha mwanamke aliyeuawa Unguja, na watu wasiojua kusoma wakaipata habari hiyo pamoja na hukumu ya watu juu yake. Huko kutunza nako, yaani fedha anayotuzwa mwimbaji mbele ya hadhara, hakukuletwa na mzungu yeyote.

Mombasa mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alizichukua lahani za filamu za Kihindi, zile zile ambazo watu walitoka nazo sinema wakizipigia mbinja, akazitia maneno ya Kimvita, mengi yake yakiwa tungo za jamaa yake, mshairi Ahmad Nassir. Duka la Wahindi, Assanand, lilizitoa sahani za taarabu kwa jina la Mzuri, na baadaye Mbwana Radio Service ikauza kanda za waimbaji wa pwani, nyingine zikiwa zimenaswa arusini hasa, pamoja na vigelegele vyake. Walikuwako waliomcheka Bhalo kwa kuazima, wakamsifu Zein l’Abdin wa Lamu kwa udi wake wenye ladha ya Uarabuni, kana kwamba kuazima kwa Mwarabu si kuazima. Mimi nawapenda wote wawili, lakini siioni hoja.

Miaka ya 1980 ilipokaribia kwisha, kampuni ya GlobeStyle ya London ikaja Unguja kuvinasa vyama vya taarabu, na wasikilizaji wa Ulaya wakauziwa asili yenyewe kuwa ndiyo bidhaa. Bi Kidude, aliyezipokea nyimbo za Siti na kuziimba kwa sauti yake nzito, alitunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, akiwa mkongwe ambaye umri wake watu hawakuacha kuubishania hata alipofariki mwaka 2013. Zama hizo hizo vikundi vya East African Melody na TOT, pamoja na Khadija Kopa aliyelelewa kisanaa katika Culture Musical Club, walizijaza kumbi kwa mipasho. Aibu ya mipasho iliyo mibovu haimo katika kinanda. Imo katika ubeti usio na vina wala fumbo, ambao mtukanaji yeyote wa njiani angeutoa bila ya kulipwa.

Kwa hiyo kosa la soko silioni katika kuuza, bali katika hesabu ya nani alipwe. Sahani ilibeba sauti ya mwimbaji na kumtajirisha mwenye duka. Kanda ikanakiliwa na kila aliyekuwa na mashine mbili. Na mshairi, ambaye katika taarabu ya vyama aghalabu alilificha jina lake kwa sababu za mapenzi au ugomvi, akatoka mikono mitupu. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1999, na ile ya Zanzibar ni ya mwaka 2003, wakati Siti alikwisha kufariki zaidi ya miaka hamsini. Mwenye kuionea taarabu uchungu na aanzie hapo: atakapousikia wimbo ukamkuna, aulize ni nani aliyeutunga, na amelipwa nini.