Kufua, Kulehemu na Kuchomelea: Historia ya Kuunga Chuma Kusini mwa Ziwa Victoria

Nassa ipo ukingoni mwa Ghuba ya Speke, katika nchi ya Wasukuma. Tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Ni nchi ya wakulima, na kabla ya majembe ya viwanda vya Ulaya kuenea, mengi ya majembe ya Usukuma yalitoka kwa Warongo, wahunzi waliochoma mtapo katika misitu ya Geita na Biharamulo. Jembe lilikuwa chombo cha kazi. Lilikuwa pia mali ya biashara na ya mahari.

Imezoeleka kudhani kwamba kuunga chuma kwa moto kulianza katika nchi hizi pamoja na umeme. Dhana hiyo si sahihi. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za sentigredi, lakini mhunzi wa kale hakukusudia kukimimina kama maji. Takataka za mtapo ndizo zilizoyeyuka na kutiririka. Chuma chenyewe kilibaki bonge lenye matundu. Bonge hilo lilirudishwa motoni, likapigwa nyundo juu ya fuawe hata vipande vyake vikashikamana kuwa kitu kimoja. Huko ndiko kuunga chuma kwa moto na pigo.

Ukale wa ufundi huo umethibitishwa ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza habari za tanuri za Buhaya zenye umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Wazee wa Kihaya waliwajengea tanuri, wakaifufua kazi iliyokuwa imeachwa kwa miongo kadhaa. Watafiti hao walidai kwamba hewa ya mivuo ilipata moto ndani ya mabomba ya udongo kabla ya kufikia makaa. Wataalamu wengine waliipinga hoja hiyo. Ukale wa kazi yenyewe haukutiliwa shaka.

Kwa nini, basi, sifa ya kuunga haikupewa wahunzi? Sehemu ya jibu imo katika lugha. *Kulehemu* limetoka katika Kiarabu, katika mzizi mmoja na neno lenye maana ya nyama: metali hushikana kama jeraha linavyofunga. *Kuchomelea* ni mnyambuliko wa *choma*, nalo limeshikamana na mashine ya umeme. Kazi ya mhunzi imebaki ndani ya *kufua*, neno litumikalo pia kwa nguo na nazi. Kufua hutaja pigo na kunyamaza juu ya muungano. Hivyo msomaji wa kamusi huona nyundo asione kiungo.

Mwaka 1961 Unimate, mashine ya kwanza ya mkono wa chuma kuajiriwa kiwandani, ilianza kazi katika General Motors huko Marekani, ikishika vipande vya moto vilivyotoka kalibuni. Baadaye mashine za namna hiyo zilipewa kazi ya kuchomelea magari. Ufundi umehama kutoka mkononi, lakini kanuni ni ile ile: joto, usafi wa nyuso na muda.

Matanuri ya Buhaya yalifufuliwa kwa kuwa wazee waliyakumbuka. Msamiati wa wahunzi hauna magofu ya kuchimbuliwa. Usipoandikwa kutoka vinywani mwao, hautapatikana ardhini.