Foromali, Ungo na Kopo: Majina ya Antena Katika Jiji la Dar es Salaam

Neno "antena" lilitufikia likiwa limekwisha kusafiri safari ndefu. Katika Kilatini lilikuwa jina la mti unaobeba tanga la chombo, yaani ule ambao mabaharia wa pwani yetu huuita foromali. Kwa Waitaliano likaja kuwa na maana ya mlingoti, na Guglielmo Marconi alipofanya majaribio yake mwaka 1895 alitumia mlingoti uliotundikwa waya. Jina la mti likauhamia waya. Laiti istilahi hiyo ingalibuniwa katika bandari ya majahazi, huenda leo tungalikuwa tukipanda paani kurekebisha foromali.

Haikuwa hivyo, chombo kilikuja na jina lake, kama vyombo vingi vijavyo kwa meli. Hata hivyo, wenyeji hawakukaa kimya. Mawasiliano ya redio ya polisi na ya ofisi za serikali yaliitwa "simu ya upepo". Mwanafizikia atapinga, kwa kuwa mawimbi ya redio hayabebwi na upepo. Lakini Kiingereza kilikitaja chombo hicho kwa kile kilichokikosa, yaani waya, ilhali Kiswahili kilijaribu kutaja kinachopeleka sauti. Kwa maoni yangu jaribio hilo lina heshima zaidi kuliko "bila waya" tunayoiandika leo.

Televisheni ndiyo iliyozieneza antena za kienyeji. Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, hali Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi mwaka 1994. Tena mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa televisheni na kompyuta bila kibali. Wachache waliokuwa na televisheni jijini walilazimika kuyanasa mawimbi yaliyovuka bahari kwa kilometa 70 hivi, na antena ikainuliwa juu ya bomba refu. Kitenzi "kunasa" ni cha wategaji wa ndege na wanyama. Kilikubalika bila kikao chochote.

Baadaye zikaja antena za setilaiti, na hapo mitaa ikatoa majina mawili. La kwanza, "ungo", lilitoka jikoni, na kila apetaye mchele analielewa. La pili, "dishi", ni la mkopo, lakini ndilo lililozaa msemo: mtu akichanganyikiwa huambiwa dishi limeyumba. Neno la mkopo likishatukaniwa watu, halirudi tena lilikotoka. Matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, king'amuzi kikaingia majumbani, kutokana na kung'amua. "Kisimbuzi" cha nyaraka rasmi kikafuata, na mpaka leo muuzaji wa Kariakoo huelewa yote mawili. Kariakoo yenyewe, tukumbuke, ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza walioutwaa mji mwaka 1916.

Sasa limekuja kopo. Kadi ya kompyuta inayopokea mtandao kwa mawimbi ya gigahezi 2.4 huweza kuongezewa antena ya nje iliyotengenezwa kwa kopo la bati lenye kipenyo cha milimita 75 hadi 95. Ufundi wa kukata bati haukosekani Gerezani, ambako makopo yamegeuzwa vibatari miaka mingi. Kinachokosekana ni maelezo yaliyotafsiriwa kwa uangalifu.

Tuchukue mfano. Wimbi hilo lina urefu wa sentimeta 12.5 hivi, nacho kijiwaya kinachosimama ndani ya kopo hukatwa robo yake, milimita 31. Kwa kopo la kipenyo cha milimita 85, tundu lake hutobolewa karibu sentimeta 6 kutoka kwenye kitako. Mfasiri akiandika "kutoka mwisho wa kopo", fundi atapima kutoka mdomoni, maana kwake mwisho ni pale bati linapokoma. Kopo limeharibika, wala fundi hana kosa. Vilevile "waya" moja haiwezi kufanya kazi tatu: kebo nzima, uzi wa shaba ulio katikati, na wavu wa nje unaouzunguka. Uzi huungwa na kijiwaya, wavu huungwa na mwili wa kopo. Viwili hivyo vikigusana, antena haipokei kitu.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, huandaa istilahi kwa kuzingatia kamusi na wataalamu. Hapana ubaya. Lakini kwa somo hili ningependa orodha ianzie mezani kwa fundi bati. Kwa kile kijiwaya napendekeza "sindano", kwa kuwa huchomoza ndani ya kopo kama sindano katika kitambaa. "Kebo" ibaki kwa kamba nzima, "uzi" kwa shaba ya katikati, na "wavu" kwa kinachouzunguka. "Kitako" na "mdomo" havihitaji kubuniwa. Kila aliyewahi kununua kopo la maziwa anavyo tayari.