Kifafa, Leseni na Basi la Bure
Katikati ya miaka ya 1950, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba jiji la Birmingham halikuwa na mamlaka ya kuwasafirisha wazee bure kwa fedha za walipa kodi. Bunge likalazimika kutunga sheria mwaka 1955 kuokoa nafuu zilizokwishakuwapo. Tangu hapo ubishi umehusu nani anastahili. Sheria ya Usafiri ya mwaka 2000 haikupanga watu kwa majina ya magonjwa. Iliwataja wasioona, viziwi, wasioweza kusema, wenye shida ya kudumu ya kutembea, na pia yeyote ambaye angenyimwa leseni ya udereva kwa sababu ya afya. Kwa mlango huo huingia mwenye kifafa ambacho bado kinamwangusha; anayeathiriwa na ulevi sugu ametengwa waziwazi.

Wapo wanaolalamika kwamba mgonjwa wa saratani anaweza kukosa kadi ya basi la bure. Ni kweli, lakini orodha ya magonjwa ingeonea zaidi, maana ugonjwa mmoja humlaza huyu na kumwacha yule akitembea. Kasoro kubwa iko kwenye saa: tangu 2008 kadi hutumika England nzima, ila siku za kazi haki hiyo huanza saa 3:30 asubuhi. Mwenye kliniki ya mapema hulipa nauli, halmashauri yake isipomwongezea muda. Hilo ndilo la kurekebishwa kwanza.